Somo: Kurekodi mazoezi ya baiskeli ya ndani kwa sensa na simu

Wakuu, masika yameshika na wengi mmehamishia baiskeli sebuleni. Maswali yanayokuja ni yaleyale: kilomita hazisomi, kasi inarukaruka, mapigo ya moyo hayaonekani. Chanzo karibu kila mara ni kimoja. Nje, simu hupata kasi na umbali kutoka kwenye satelaiti. Ndani baiskeli haisogei, kwa hiyo kila namba lazima itoke kwenye sensa fulani. Ukijua namba ipi inatoka wapi, utajua pa kushika ikiharibika.

Nazungumzia baiskeli ya kawaida iliyofungwa kwenye trena ile inayobana gurudumu la nyuma kwa rola. Wenye trena zinazopima zenyewe wati (nguvu unayokanyagia), rukeni hatua ya pili.

Hatua ya 1: Funga sensa

Sensa ya kasi inakaa kwenye hubu ya nyuma. Nyuma, siyo mbele! Gurudumu la mbele halizunguki kwenye trena, na ukiisahau huko utakanyaga saa nzima huku programu ikikuandikia sifuri. Sensa ya mizunguko ya pedali inafungwa kwenye mkono wa pedali upande wa kushoto; zungusha pedali taratibu kwa mkono uhakikishe haigusi fremu. Mkanda wa mapigo unavaliwa chini ya kifua, ukiwa umelowanishwa kidogo kwa maji. Sensa nyingi za aina hii hutumia betri bapa ya CR2032, weka moja ya akiba.

Hatua ya 2: Pima gurudumu

Hapa ndipo wengi wanaharakisha. Sensa ya kasi haijui kilomita, inahesabu mizunguko ya gurudumu tu. Programu ndiyo inayozidisha mizunguko hiyo kwa mzingo wa tairi ulioiandikia. Tairi ya 700x25 ni kama milimita 2105. Ila usiamini jedwali ukiweza kupima mwenyewe: jaza upepo, chora mstari wa chaki sakafuni penye valvu, kaa juu ya baiskeli, sogea mbele mzunguko mmoja kamili, chora tena, pima kwa futi kamba.

Halafu kuna mgandamizo wa rola. Programu kama Zwift zinaweza kukukadiria wati kutokana na kasi na aina ya trena, lakini kadirio hilo linadhani kila siku tairi ina upepo uleule na rola imebana vilevile. Leo ukikaza skrubu mizunguko miwili, kesho mitatu, utajiona umeshuka kiwango wakati miguu ni ileile. Chagua idadi moja ya mizunguko ya skrubu, iandike ukutani, na upepo upime kila unapopanda.

Hatua ya 3: Unganisha

Usiunganishe sensa kupitia mipangilio ya Bluetooth ya simu. Fungua programu yenyewe, nenda kwenye sehemu ya sensa, zungusha gurudumu na pedali ili ziamke, kisha zichague. Kwenye Android za kabla ya toleo la 12, programu itaomba ruhusa ya mahali ulipo. Iruhusu, bila hiyo haioni sensa za Bluetooth.

Sensa nyingi hutuma kwa njia mbili, Bluetooth na ANT+. ANT+ ni kama redio, vifaa vingi vinasikiliza kwa pamoja. Bluetooth kwa sensa nyingi, hasa za zamani, huongea na kifaa kimoja tu kwa wakati. Kama laptopu imeshaidaka, simu haitaiona hata ufanye nini. Zima Bluetooth kwenye kifaa usichokitumia.

Hatua ya 4: Rekodi na kuhifadhi

Chagua zoezi la ndani ili GPS izimike, vinginevyo simu itachora mistari ya ajabu ndani ya nyumba yako. Zima kibana betri kwa programu hiyo, kwani ndicho kinachoifunga programu skrini ikizimika. Mwishoni hifadhi, kisha itume Strava, mtandao wa kuweka na kushirikishana mazoezi. Mkitumia saa na Zwift kwa pamoja, ruhusuni kimoja tu kutuma, la sivyo zoezi moja litahesabiwa mara mbili na wenzenu watawatania.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, barabarani naenda 27 kwa saa, kwenye trena nasoma 38. Nimekuwa hodari ghafla?*

Hapana, mkuu. Barabarani kwa kasi hiyo adui wako mkubwa ni upepo, na sebuleni haupo. Kasi na umbali wa ndani visikusumbue. Linganisha muda, mapigo na wati.

*Shikamoo kocha. Mkanda wangu unaanza na mapigo 200 nikiwa bado sijachoka, baada ya dakika kumi unatulia. Moyo una shida?*

Marahaba. Dalili hiyo mara nyingi ni ngozi kavu, jasho likitoka unasoma vizuri. Lowanisha sehemu za mpira kabla ya kuvaa na uufue mkanda mara kwa mara. Ukiona hali hiyo hata mkanda ukiwa umelowa, au ukisikia kizunguzungu, mwone daktari, siyo mimi.

*Mimi natumia baiskeli za gym, siruhusiwi kufunga kitu.*

Vaa mkanda wa mapigo, na sensa ya mizunguko ifunge kwenye kiatu. Zinazotumia mwendo badala ya sumaku zinasoma vizuri hapo. Umbali sahau.

*Umeme ukikatika katikati ya zoezi?*

Kwa trena ya rola hakuna neno, sensa zina betri zake na simu inaendelea kurekodi. Intaneti ikiondoka, programu nyingi huhifadhi kwenye simu na kutuma baadaye, usiifunge tu kwa hasira. Trena nyingi za kuchomeka ukutani ndizo zinazonyamaza. Simamisha kwa muda, umeme ukirudi endelea kwenye rekodi ileile. Feni nayo itakuwa imezimika, na chumba kikipata joto mapigo hupanda kwa wati zilezile, kwa hiyo punguza kasi.

*Nimehamia Nairobi kutoka Mombasa. Jaribio la dakika 20 (kukanyaga kwa nguvu zote na kuchukua wastani wa wati) limeshuka wati, na sensa ni ileile.*

Sensa haina kosa. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na mwili unapata oksijeni kidogo kwa kila pumzi. Subiri wiki chache uzoee, rudia jaribio, chukua asilimia 95 ya wastani wako wa wati, na upange mazoezi kwa namba hiyo mpya. Ile ya Mombasa iache kwenye kumbukumbu, utaihitaji ukirudi likizo.