Somo: Noti iliyokufa, au namna ya kutoa mchezo ndani ya basi

Wengi wananiuliza vichekesho vya michezo yangu ya jukwaani navitoa wapi. Ndani ya basi la Kenya (komini yetu, yaani sehemu ya mji wa Lubumbashi, Kongo, si ile nchi).

1. Sikiliza, kisha andika maneno yenyewe. Juzi mama mmoja alitoa noti ya falanga 500 iliyopasuka katikati, imeungwa kwa skochi. Kijana anayepokea pesa akaiinua kwenye mwanga, akaigeuza, akasema: «Mama, hii imekufa.» Mama, bila kutabasamu: «Asubuhi ulinirudishia wewe. Ilikuwa nzima?» Basi zima hoi. Niliandika palepale kwenye simu. Ningengoja kufika nyumbani, kisa ningekikumbuka lakini «imekufa» lingenitoka, na mchezo wote uko kwenye neno hilo.

2. Jiulize kila mtu anataka nini. Kijana anaogopa dereva atamkata pesa jioni. Mama anataka kuwahi soko. Hakuna anayefanya mzaha! Hapa ndipo wanaoanza wanaharibu: suruali pana, uso wa kukunja, halafu wanacheka wenyewe kabla ya watu. Mcheze yule kijana kama daktari anayetoka chumbani kutangaza kifo.

3. Ikuze. Noti imekufa, basi kuna matanga. Abiria wanachanga. Mzee anauliza mwili utalala wapi. Dereva anazima redio kwa heshima. Ishia hapo, ukiongeza la nne watu wanatoa simu.

4. Usiandike kila neno. Kundi la waigizaji la Mufwankolo, ambalo wazazi wetu walilifuata kwenye redio na televisheni ya hapa, lilikuwa linapatana kisa na nani anaingia lini, kisha kila mmoja anasema kwa kinywa chake. Rudieni hivyo mara tano, sita. Sentensi ya mwisho tu ndiyo muishike kwa kichwa.

Maswali ya wanamemba

— Mwalimu, na kama jirani anajitambua mu mchezo?
Chukua tabia, acha mtu. Jirani yangu anayepima makala (mkaa) kwa jicho moja nimemfanya mwanamke, nikampa duka la dawa. Alikuja kutazama, akacheka kuliko wote, akaniambia anamjua mtu wa namna hiyo.

— Tucheze kwa Kifaransa ao kwa Kiswahili?
Vyote, ila ujue sababu ya kuhama. Shefu anagomba kwa Kifaransa safi. Bukari (ugali) ikiungua, Kiswahili cha Katuba, komini nyingine ya hapa, kinamtoka chenyewe. Kuhama huko kunachekesha kuliko maneno.

— Yaya, wasipocheka?
Kwanza angalia saa. Mimi nilipanda jukwaani kwenye arusi moja wakati kuku anagawiwa. Dakika kumi nzima, sauti niliyosikia ni ya mifupa. Siku hizi nauliza wenye arusi jambo moja tu: chakula ni saa ngapi?