Kongamano la watu wa wiki na programu huria: jinsi ya kuingia na pepa yako bila kuaibika

Watu wengi wakisikia kongamano la kitaaluma wanawaza ukumbi wa baridi, mtu anasoma slaidi neno kwa neno, wengine wanasinzia, alafu cheti na picha ya pamoja. Haya ya ushirikiano huria wa mtandaoni, yaani ya wiki (tovuti ambazo wasomaji wenyewe wanazihariri, kama Wikipedia), programu huria (ambazo msimbo wake uko wazi kwa wote), data huria na mambo kama hayo, yana kitu kimoja tofauti na ndo maana nimeona niandike. Unaowachunguza wamo humo humo ukumbini. Ukifanya utafiti wa samaki, samaki hatakuja kukuuliza swali, lakini ukiandika kuhusu wahariri wa Wikipedia kuna mtu safu ya nyuma atanyoosha mkono aseme samahani, hiyo hariri ulotuonyesha ni yangu.

Mi yalinikuta. Nilikuwa na slaidi yenye picha ya historia ya makala moja ya Wikipedia, yaani orodha ya hariri zake zote, nimezungushia duara jekundu hariri moja iliyofuta aya nne, juu nimeandika kwa herufi kubwa UHARIBIFU. Mwenye hariri alikuwepo. Akaniuliza kwa upole kabisa kama nilisoma muhtasari wa hariri, ule mstari mfupi ambao mhariri anauandika kabla ya kuhifadhi, manake pale alikuwa ameandika kwamba zile aya anazihamishia kwenye makala nyingine, na kweli kuzifungua zilikuwepo huko, mi nilikuwa nimehesabu tu herufi zilizopungua. Nilitamani ardhi ipasuke. Kwa hiyo mengi ntakayosema hapa yametoka kwenye hiyo slaidi.

Kwanza ujue unaenda wapi, maana majina yanachanganya. WikiSym ilianza 2005 San Diego, Marekani, ikiwa ni kongamano la wiki tu. Ilipofika 2013 Hong Kong ikaunganishwa na OpenSym, na tangu Berlin 2014 jina likabaki OpenSym peke yake, kwa sababu mambo yalishapanuka, sio wiki tu, kuna programu huria, data huria, elimu huria, na kadhalika. Makala zake zimo kwenye maktaba ya kidijitali ya ACM, chama cha kimataifa cha wanakompyuta, hivo hata kama huna mpango wa kwenda popote leo, kaa usome za miaka kadhaa uone watu hawa wanaongea lugha gani. Wikimania ni kitu kingine, ile ni mkutano wa jamii ya Wikimedia, yaani watu wa Wikipedia na miradi dada yake, ilianza Frankfurt 2005 na ya 2025 ilifanyika Nairobi, kule watafiti wapo ila wenye nyumba ni wahariri. Alafu kuna Wiki Workshop, ya watafiti, inafanyika kila mwaka tangu 2015 na miaka ya karibuni imekuwa mtandaoni, kwa mtu anayeanza hiyo ndo njia nyepesi, hakuna viza hakuna tiketi ya ndege. CSCW, kongamano la utafiti wa jinsi watu wanavyofanya kazi pamoja kwa kompyuta, ni kubwa zaidi na ngumu zaidi, usianzie huko labda uwe na msimamizi anayekushika mkono.

Na hapo hapo tahadhari: utapata imeili zinakuita mheshimiwa profesa wakati hata shahada hujamaliza, zinakualika kongamano lenye mada kumi na nane kuanzia kilimo mpaka roboti, pepa, yaani makala yako ya utafiti, inakubaliwa ndani ya siku mbili ukilipa. Achana nazo. Kongamano la kweli linataja kamati yake kwa majina, ukiwatafuta watu hao utakuta kweli wameandika kwenye fani hii, na makala za miaka iliyopita zinaonekana.

Ukishachagua, soma tangazo la wito wa makala mpaka mwisho, sio vichwa vya habari tu. Watakuambia wanapokea nini: pepa ndefu, pepa fupi, bango (karatasi kubwa ya ukutani yenye muhtasari wa utafiti wako), onyesho la programu, warsha, na mara nyingi kuna kikao cha wanafunzi wa uzamivu. Kama ni mara ya kwanza mi nakushauri bango au pepa fupi na wala sikushushi hadhi, bango lina faida ambayo watu hawaijui, unasimama pembeni yake saa nzima na wanakuja mmoja mmoja wanaojali kweli, wakati pepa ndefu unaongea dakika kumi na tano maswali mawili basi umekaa.

Sasa kwenye kuandika. Data ya fani hii ni rahisi kuipata na hapo ndo mtego ulipo. Historia ya kila makala ya Wikipedia iko wazi, unaweza kupakua yote bila kumuomba mtu, na miradi ya programu huria nayo imeacha kila kitu nje, nani alibadilisha nini, saa ngapi, nani alimjibu nani vibaya. Leseni inakuruhusu kutumia maandishi. Haijakuruhusu kumuanika mtu. Jina la mtumiaji hata kama ni la kubuni linamuongoza mtu yeyote mpaka kwa mwenyewe kwa kutafuta dakika moja, na ukinukuu sentensi yake neno kwa neno ni yale yale, wataibandika kwenye injini ya kutafutia na watamkuta. Kwa hiyo majina toa, nukuu zifupishe au zisimulie kwa maneno yako, na kama chuo chako kina kamati ya maadili ya utafiti wapelekee mapema, usingoje wiki ya mwisho. Pia kabla hujasema jamii fulani inafanya hivi au vile, hariri mwenyewe kidogo. Hata hariri hamsini tu. Utajifunza vitu ambavyo namba hazisemi, mfano kwamba roboti, yaani programu zinazojiendesha, nazo zinahariri, tena sana, na usipoziondoa kwenye hesabu utakuja kutuambia kuna mhariri mmoja mwenye bidii ambaye halali wala hali.

Kuna jambo la kuficha jina ambalo kwenye fani nyingine ni dogo, kwetu ni balaa. Makongamano kadhaa yanataka uhakiki wa siri pande zote mbili, mhakiki hakujui na wewe humjui. Sawa, unafuta jina juu ya pepa unadhani umemaliza. Bado! Fungua sifa za faili la PDF, jina lako limo. Linki ya GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo wa programu, uliyoweka kwa ajili ya programu yako ina jina lako. Kama uliandika mradi wako kwenye wiki ya watafiti ili jamii ijue (na ni vizuri uandike), kila hariri ya ukurasa ule ina jina lako na tarehe. Shukrani mwishoni unamshukuru msimamizi wako, mhakiki kashajua. Huwezi kufuta dunia nzima na hawategemei ufanye hivo, ila hakikisha ndani ya pepa yenyewe hakuna linki inayomfikisha mtu kwako, tengeneza nakala ya programu isiyo na jina, na mradi wa wazi utaje kama vile ni wa mtu mwingine mpaka pepa ikubaliwe.

Dedlaini nazo. Wengi wanaandika AoE, maana yake popote duniani, yaani dedlaini haijapita kama kuna sehemu yoyote ya dunia ambako siku hiyo haijaisha, na kwa hesabu ni saa za UTC−12, yaani saa kumi na mbili nyuma ya saa ya kimataifa (UTC). Ukiwa kwenye UTC+3, yaani saa za Afrika Mashariki, basi saa 23:59 ya AoE kwako ni kesho yake saa nane na dakika 59 mchana. Nimeona watu wamekesha bure wakatuma saa sita usiku pepa yenye makosa kibao kumbe walikuwa na asubuhi nzima mbele yao. Lakini usiizoee hiyo asubuhi, tumia kusahihisha tu, toleo la kwanza lipandishe siku mbili kabla, mfumo unakuruhusu kulibadilisha. Na kama wanataka templeti ya LaTeX, mfumo wa kupangilia maandishi ya kitaaluma, tumia hiyo hiyo usipunguze nafasi za pembeni ili kurasa zitoshe, wanaona, na pepa inarudishwa bila hata kusomwa.

Majibu ya wahakiki yakija, yasome, funga laptopu, kalale. Kesho yake yatakuwa makali kidogo tu sio kama ulivyoona jana. Mara nyingi mmoja hajakuelewa na hasira zako zote zitamwendea huyo, ila jiulize, kama msomi wa fani amesoma ukurasa wa pili hajaelewa, msomaji wa kawaida je? Wakikukubalia, fanya waliyoomba, na ambalo hufanyi eleza kwa nini. Wakikukataa bado una maandishi mazuri kuliko ya mwanzo, geuza iwe bango, peleka kwingine.

Kuhusu hela sina mengi. Kwa kawaida angalau mwandishi mmoja wa kila pepa lazima ajisajili na alipe, tena kufikia tarehe ya kutuma toleo la mwisho la pepa, hivo kabla hujatuma uliza kama kuna punguzo la wanafunzi, ufadhili wa safari, kazi ya kujitolea ukumbini, au kuwasilisha mtandaoni. Barua ya mwaliko kwa ajili ya viza iombe siku ile ile unapokubaliwa, sio wiki moja baadae.

Siku yenyewe sasa. Slaidi chache, herufi kubwa, na anza na mfano mmoja, makala moja, mabishano mamoja, watu waone, ndo uje na jedwali. Ukiulizwa usichojua sema sijui, alafu mwambie aliyeuliza tuonane wakati wa chai, na kweli umtafute. Yule mhariri wa safu ya nyuma mi nilimtafuta, tukakaa na laptopu yangu tukapitia hariri thelathini ambazo programu yangu ilikuwa imeziita uharibifu, tisa hazikuwa. Hakuna mhakiki angenipa hiyo kazi bure.

Na usiogope vikao visivyo na ratiba. WikiSym ilikuwa na utaratibu wa ukumbi huru, mbinu iliyobuniwa na mtu anaitwa Harrison Owen, ambapo asubuhi ubao uko mtupu, mwenye mada anaandika kwenye karatasi anabandika, watu wanachagua wenyewe pa kwenda. Kuna sheria yake ya miguu miwili: kama hapo ulipo hujifunzi wala huchangii, miguu unayo, nenda kikao kingine na hakuna atakayekununia. Kwa mgeni hii ni nafasi ya dhahabu kwa sababu huhitaji pepa kukubaliwa ndo uongoze kikao, unaandika tu mfano "wiki ndogo zenye wahariri wachache, tunafanyaje?" unabandika, wakija wanne hao wanne ndo wenyewe.

Mkiongea andikeni pamoja, hati moja ya wazi, kila mtu anaongeza lake. Ukirudi nyumbani watumie imeili ndani ya wiki ile ile kabla hawajasahau sura yako. Pandisha slaidi, data iliyosafishwa majina, na nakala ya pepa mahali pasipolipiwa, ila soma kwanza mkataba wa mchapishaji unaruhusu toleo lipi. Alafu nenda kwenye ukurasa wa majadiliano wa ile jamii uliyoichunguza, waandikie aya mbili kwa lugha yao, umepata nini na wapi ulikosea. Mimi nilipofanya hivo nilijibiwa na watu watatu, mmoja akiuliza mbona sikuhesabu hariri za wasiosajiliwa, na pepa yangu iliyofuata ilianzia hapo.