Somo: Kuzuia sukari ya mtoto mdogo isishuke akiwa usingizini

Binti yangu aligundulika na kisukari aina ya kwanza akiwa na miaka mitatu. Mwezi wa pili wa kuchoma insulini, saa nane usiku, alishikwa na degedege. Nyumba nzima tulisema ni malaria imempanda kichwani, bibi yake akaanza kumkanda maji. Nilipokumbuka mashine ya kupimia sukari, ikasoma 1.9 (namba zangu zote ni za mmol/L). Tulikuwa tunapoteza dakika kwa ugonjwa usiokuwepo. Kwa hiyo neno langu la kwanza kwa mzazi mwenzangu: mtoto wa kisukari akitetemeka, akilia ovyo au akilowa jasho usiku, pima sukari kabla ya jambo jingine lolote.

Chini ya 4.0 imeshuka. Akiwa amelala mwili hautoi onyo kwa nguvu kama mchana, na mtoto mdogo hajui kusema "mama, nasikia vibaya". Haya ndiyo tunayoyafuata nyumbani. Dozi hupangwa na kliniki yenu, mimi sizigusi.

Hatua ya 1: Jua insulini yake inapamba moto saa ngapi

Ile yenye rangi ya maziwa, mfano Insulatard, huwa na nguvu zaidi kati ya masaa 4 na 10 baada ya kuchomwa. Ukichoma saa 12 jioni, nguvu yake inaangukia kati ya saa 4 usiku na saa 10 alfajiri, mtoto yuko usingizini na tumbo ni tupu. Sisi daktari alitusogezea ile ya jioni hadi wakati wa kulala, hali ikabadilika sana. Ulizeni kama na kwenu inafaa.

Chupa ya insulini hiyo iviringishe taratibu viganjani, mara 10 hadi 20, mpaka iwe nyeupe sawasawa. Isipochanganyika, leo utamchoma nyepesi, kesho nzito.

Tazama na bomba. Kwenye bomba la yuniti 100, mstari mmoja kwa kawaida ni yuniti 2. Kwenye la yuniti 50, mstari ni yuniti 1. Mtu mzima anayechoma yuniti 30 akikosea mstari hataumia sana, lakini mtoto wa yuniti 3 ukikosea mstari umekaribia kumchoma dozi mbili. Mkiletewa mabomba ya aina nyingine, simama uhesabu mistari upya.

Hatua ya 2: Uliza alicheza nini

Usiku wake unaanza saa kumi jioni. Mtoto akishinda anakimbia na wenzake, misuli inaendelea kuvuta sukari mpaka usiku wa manane, hata kama wakati wa kulala namba ni nzuri. Siku hizo anapata chakula cha ziada, na kliniki ilishatuonyesha kiasi cha kupunguza dozi ya jioni. Aoge maji ya moto kabla ya sindano, si baada, kwa sababu joto huharakisha insulini kuingia mwilini.

Hatua ya 3: Pima kabla hajalala

Kwanza anawe mikono. Kidole chenye maji ya embe kitakupa 12 wakati damu yenyewe ni 5, nawe utalala kwa amani isiyo ya kweli.

Sisi tulipewa mpaka wa 7. Ikiwa chini ya hapo, anakula kitu kinachokaa tumboni: kikombe cha maziwa na kipande cha kiazi kitamu, au mkate uliopakwa siagi ya karanga. Ikiwa chini ya 4, sukari kwanza, chakula baadaye.

Hatua ya 4: Amka saa 8 au 9 usiku

Si kila siku, stripu (vile vibanzi vya kuwekea tone la damu kwenye mashine) ni ghali. Lakini usiache usiku wa siku aliyocheza sana, aliyotapika au kukataa chakula, aliyoshuka mchana, au dozi ilipobadilishwa.

Hatua ya 5: Sukari iwe kando ya kitanda

Si jikoni. Mtoto wa kilo 15 hadi 20 anahitaji gramu 5 hadi 6, yaani kijiko cha chai kilichojaa, kikorogwe kwenye maji kidogo. Pima tena baada ya dakika 15, na ikiwa bado chini ya 4 rudia. Ikishapanda, mpe chakula. Maziwa pekee au chokoleti hupandisha polepole mno.

Akizimia au akiwa na degedege, usimmiminie kinywaji, kitaingia mapafuni. Mlaze ubavu, mchome glukagoni (sindano ya dharura inayopandisha sukari) kama mnayo, na mkimbizeni hospitali. Pale dripu inapochelewa, Shirika la Afya Duniani linaelekeza sukari iliyoloweshwa kwa maji kidogo iwekwe chini ya ulimi. Mwombe muuguzi akuonyeshe mapema, usisubiri siku yenyewe.

MASWALI

Baba Imani: Dada, tunapewa stripu 25 kwa mwezi. Nitapimaje usiku?

Jibu: Kaka, pima anapolala kwenye siku za mashaka nilizotaja, na weka akiba ya 5 kwa dharura. Siku stripu zimeisha na unaona jasho la baridi, mpe sukari bila kusubiri. Kupanda kwa saa chache hakumdhuru kama kushuka.

Mama Nuru: Wangu analala na 6, anaamka na 15. Niongeze dozi ya usiku?

Jibu: Usiongeze mama, kabla hujajua namba ya saa 9. Pima usiku 2 au 3, uandike. Mara nyingi ni insulini kuishiwa nguvu alfajiri, lakini daktari hawezi kupanga bila namba hizo.

Mama Salim, Muscat: Wangu ana sensa mkononi, kile kifaa cha kubandika kinachopima sukari muda wote. Inalia usiku kuwa imeshuka, tukitoboa kidole ni 7.

Jibu: Huenda anaulalia mkono huo. Ukigandamizwa, sensa husoma chini. Mgeuze, subiri kidogo, lakini endelea kuhakikisha kwa kidole, usiizime.

Bibi Zuhura: Mjukuu wangu alishuka jana usiku. Leo si bora nisimchome kabisa?

Jibu: Shikamoo bibi. Hapana, tafadhali. Mtoto wa aina ya kwanza asipopata insulini damu yake hujaa asidi, anaanza kutapika na kuhema kwa nguvu, na hilo nalo huua. Mpime sasa, kama iko chini mpandishe, kisha mpigie muuguzi wa kliniki kabla ya saa ya sindano akuambie apunguziwe yuniti ngapi. Usiku huu amka saa 8, na ukiweza tena saa 10.