Namna ya Kuweka Daftari la Reli Ukiwa Tanga

Anayeishi Ngamiani, hapa Tanga mjini, huisikia treni kabla ya kuiona, na mara nyingi haioni kabisa, kwa sababu honi inapolia yeye yumo jikoni au dukani akihudumia wateja. Ni kwa ajili ya saa kama hizo ndipo nilipoanza daftari langu, na ninamshauri kila mpenzi wa reli awe na lake. Sharti ninalolishikilia ni moja: treni iandikwe pamoja na watu waliokuwa karibu nayo. Namba za vichwa vya treni zikipangwa peke yake, baada ya mwaka hata mwenye daftari hazimwambii kitu.

Ukurasa wa kwanza uwe wa njia yenyewe. Ujenzi wa reli hii ulianzia Tanga mwaka 1893, enzi za Wajerumani, ukafika Muheza mwaka 1896. Kampuni iliyoianza ikaishiwa fedha na serikali yao ikaichukua mwaka 1899. Reli ilifika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, na Moshi mwaka 1911, yaani kilomita 352 kwa miaka 18. Iandike miaka hiyo kwa mkono wako mwenyewe, kwani ukishajua kwamba kutoka Tanga hadi Muheza pekee palichukua miaka mitatu, kila daraja dogo utakalovuka utalitazama kwa heshima.

Kurasa zinazofuata ni za kila siku. Andika tarehe, saa, upande treni ilikokuwa ikielekea, idadi ya mabehewa na aina yake, kisha sentensi mbili au tatu kuhusu ulichokiona. Katika daftari langu kuna asubuhi moja ya mvua ambapo mama muuza vitumbua, aliyeketi karibu na kivuko cha reli, aliinua kikaango chake kutoka jikoni kabla sijasikia chochote, akakishika hadi behewa la mwisho lilipopita, kwa maana mtetemo wa ardhi humwagisha mafuta motoni. Yeye alikuwa ameisikia treni kwa nyayo. Idadi ya mabehewa ya siku ile niliiandika pia, lakini ni kikaango kile kinachonirudisha pale.

Ukisafiri, kwa mfano kwa treni ya Dar es Salaam na Arusha inayopita Korogwe, pima mwendo mwenyewe. Tafuta nguzo za kilomita kando ya njia, hesabu sekunde kutoka moja hadi nyingine, kisha gawanya 3,600 kwa sekunde hizo: sekunde 72 ni kilomita 50 kwa saa. Usiku nguzo hazionekani, basi tumia masikio. Pale ambapo kila pande la reli lina urefu wa mita 12, hesabu milio ya magurudumu kwenye maungio kwa sekunde 43, na idadi utakayoipata ndiyo mwendo wa treni katika kilomita kwa saa, kwa kukadiria. Maungio hayo huachiwa upenyo mdogo kwa sababu chuma hutanuka kwa joto. Pande la mita 12 huongezeka karibu milimita 3 joto likipanda nyuzi 20. Ndiyo maana mlio wa alfajiri huwa mkali kuliko wa adhuhuri, na ninaomba usikubali kulala kabla hujausikia.

Kwa usalama, simama mbali na mataruma, yale mapande yanayolazwa chini ya reli, usitembee juu ya tuta, na umwombe ruhusa stesheni masta kabla ya kupiga picha.

Tumia kalamu ya risasi, kwa kuwa unyevu wa pwani hufifisha wino, na daftari ulihifadhi ndani ya mfuko wa plastiki. Ukiikosa treni, andika hivyo hivyo: saa uliyoisikia, na ulichokuwa ukikifanya.