Tela la vitanda vya turubai au la kuta ngumu: somo kwa wakazi wa Dar es Salaam kabla ya kununua

Swali hili, yaani ni tela lipi la kulala kambini la kununua na kulivuta kwa gari, limeulizwa mara nyingi kiasi kwamba nimeona afadhali niandike jibu lote mahali pamoja, na kuanzia leo atakayeuliza nitamwelekeza hapa. Ninaposema tela la mseto nina maana ya lile lenye bodi ngumu katikati, ambalo miisho yake hufunguka kwa nje na kuwa vitanda vilivyofunikwa kwa turubai. La kuta ngumu ni chumba kamili kisichokunjwa. Msimamo wangu ni kwamba, kwa mtu anayeishi Dar es Salaam, uamuzi huu hufanyika uani kwake na wala si kambini.

Hatua ya kwanza: gari lako. Soma kitabu cha gari na utafute uzito linaoruhusiwa kuvuta, ukitofautisha tela lenye breki na lisilo na breki, kwa kuwa magari mengi hayaruhusiwi kuvuta zaidi ya kilo 750 bila breki za tela. Uzito anaoutaja muuzaji ni wa tela tupu. Tangi la maji la lita 100 likijaa ni kilo 100, na bado hujapakia mitungi ya gesi, betri, viti na chakula. Vitanda vya turubai ni vyepesi kuliko kuta, ndiyo maana tela la mseto huwapa watu wengi zaidi mahali pa kulala kwa uzito uleule.

Hatua ya pili: mahali pa kulikaushia. Hapa ndipo wengi huharibikiwa, kwa hiyo nitakaa kidogo. Turubai lililokunjwa likiwa na unyevu, katika joto la pwani yetu, huanza kuota kuvu baada ya siku moja au mbili, na madoa meusi ya kuvu yakishaingia ndani ya nyuzi hayatoki tena kikamilifu. Usidhani kwamba kutonyesha kunakuokoa: pumzi za watu waliolala humo usiku kucha hulowesha turubai kwa ndani, na chini ya godoro maji hujikusanya bila mtu kuyaona hadi ainue. Kwa hiyo kila ukirudi safari ni lazima ufungue vitanda vyote viwili nyumbani, uinue magodoro na uache upepo upite hadi mishono na zipu zikauke kabisa, kwa sababu mishono hukauka mwisho. Sasa pima uwanja wako: kila kitanda hutokeza zaidi ya mita moja, na tela lenye urefu wa mita tano likiwa limefungwa linaweza kukaribia mita nane likifunguliwa. Kati ya Machi na Mei, wakati wa masika, utahitaji pia paa juu ya urefu huo wote. Kama uani kwako pana nafasi ya gari moja na geti tu, nunua la kuta ngumu au usubiri.

Tahadhari mbili juu ya hilo. Usioshe turubai kwa jiki wala sabuni ya unga, kwa kuwa jiki hudhoofisha nyuzi na sabuni huondoa dawa inayozuia maji. Tumia brashi laini na maji matupu. Pili, usilifunike tela zima kwa nailoni isiyopitisha hewa ukidhani unalilinda, maana unyevu uliomo hautapata pa kutokea.

Hatua ya tatu: linakotoka. Matela ya Afrika Kusini na Australia yametengenezwa kwa nchi zinazoendesha kushoto kama sisi, hivyo mlango uko upande wa kushoto, pembeni mwa barabara. La Marekani kwa kawaida mlango wake uko kulia, maana yake ukisimama kando ya barabara watoto watashukia kwenye magari. Umeme wake ni wa volti 120 wakati wetu ni wa volti 230, na tufe lake la kuvutia mara nyingi ni la inchi 2, yaani milimita 50.8, ilhali la kwetu ni la milimita 50. Tofauti hiyo ni ndogo kwa macho, lakini usilazimishe.

Hatua ya nne: meli. Mlango wa kontena la kawaida una urefu wa takriban mita 2.28 kwenda juu, na wa kontena lililo refu zaidi kwenda juu ni mita 2.58. Tela la mseto lililo fupi linaweza kuingia. La kuta ngumu lililo refu litasafiri kwenye meli ya magari.

Hatua ya tano: joto. Turubai lenye wavu wa mbu hupitisha upepo. Kuta ngumu bila kiyoyozi, mwezi wa Februari, ni adhabu.

Hatua ya sita: ukinunua la mtumba. Bonyeza kuta kwa kidole gumba kwenye pembe na chini ya madirisha. Panapobonyea, maji yameingia na mbao za ndani zinaoza. Turubai linuse, kisha litazame kwenye mikunjo dhidi ya jua.

Maswali ya wanachama

*Mkazi wa Tabata:* Asante kwa somo, mkuu. Kwa kifupi, lipi zuri?

*Jibu:* Taja gari lako, na useme kama una mahali penye paa pa kulifungulia. Bila hayo mawili sina jibu.

*Mpenda Safari:* Naona unayapigia debe ya kuta ngumu. Mbona Australia wanazunguka nchi nzima na turubai?

*Jibu:* Sijasema popote kwamba turubai ni baya. Sehemu kubwa ya Australia ni kavu, na kilicholowa usiku hukauka asubuhi. Mei ya Dar es Salaam haikufanyii hivyo. Ukiwa na banda, nunua bila wasiwasi.

*Mama wa Mbweni:* Tuna watoto wanne, na nahofia uzito kwenye vitanda vinavyoning'inia. Vinabeba kiasi gani?

*Jibu:* Ni swali zuri, mama. Kila kitanda kina kikomo chake, ambacho kwa kawaida huandikwa kwenye kibandiko karibu nacho au kwenye kitabu cha tela; kama hukioni, muulize muuzaji kabla ya kulipa. Lisawazishe tela kwanza, shusha miguu yake minne, ndipo ufungue vitanda na kuweka nguzo za kuvishikilia. Watoto wasipande kabla ya nguzo kukaa vizuri, na wasiruke humo hata kama kikomo hakijafikiwa.

*Fundi wa Kigamboni:* Turubai langu ni jipya la pamba, mbona linavuja kwenye mishono?

*Jibu:* Halina kasoro, ndugu. Sindano imeacha matundu, na nyuzi za pamba huvimba zikilowa na kuyaziba. Lifungue, limwagie maji hadi lilowe kabisa, liache likauke, kisha rudia mara mbili au tatu. Turubai lililopakwa plastiki halivimbi. Hilo linahitaji dawa ya kuziba mishono.

*Dereva wa Hilux:* Je, nyani wa Mikumi hawatalichana?

*Jibu:* Wanaweza, wakinusa chakula. Kambi za hifadhini kwa kawaida hazina uzio, kwa hiyo chakula chote, hata ndizi moja, kikae ndani ya gari lililofungwa madirisha. Katika hili kuta ngumu zinashinda waziwazi.

*Mzee wa Kibaha:* Niongeze kwamba nati za magurudumu ya tela hulegea mwanzoni mwa safari. Ukielekea Morogoro, simama Mlandizi uzikaze tena.

*Jibu:* Ni kweli kabisa, mzee wangu. Na hapohapo usogeze kiganja karibu na kitovu cha kila gurudumu: likiwepo moja lenye joto kuliko mengine, beringi imekaribia kufa au breki imeng'ang'ania, na safari isiendelee kabla fundi hajaliangalia.