Simu ya saa nane usiku: jinsi ya kumlea mtarajali hadi ajitegemee

Tuanzie kwenye simu, kwa sababu ndiko wengi wetu tunakoharibu. Saa nane usiku, mtarajali (daktari aliye kwenye mwaka wa mafunzo kwa vitendo) wa wodi ya watoto, pumzi juu juu: "Samahani dokta kwa kukuamsha. Kuna mtoto wa miaka mitatu, ana homa, degedege limempata njiani, kipimo cha haraka kinaonyesha malaria. Nifanyeje?"

Wewe bingwa jibu unalo hata macho hujafumbua. Ukilitoa, mtoto atatibiwa nawe utageukia ukutani ulale. Lakini wiki ijayo akija mtoto wa aina ileile simu italia tena, na mwezi ujao tena, na mwaka wa mafunzo kwa vitendo utaisha mtarajali akiwa hodari wa kupiga simu. Kisha atapangiwa kituo cha afya ambako daktari ni yeye peke yake. Mimi ni daktari wa watoto katika hospitali ya rufaa ya mkoa huku Nyanda za Juu Kusini, na baadhi ya niliowalea wameishia kwenye vituo ambavyo mvua zikikolea hata gari la wagonjwa halifiki. Kwa hiyo ninayoandika hapa ni ya kazini, si ya semina.

Usalama kwanza

Kabla ya kumuuliza mwenzako anafikiri nini, uliza mambo matatu. Anapumua vizuri? Degedege limekoma? Sukari imesoma ngapi? Akikwambia sukari ni 2.1, yaani imeshuka mno, ukocha, ule wa kumwongoza kwa maswali badala ya kumpa jibu, unasubiri. Toa amri, fupi, yenye namba: "Mpe glukosi ya asilimia 10, mililita 5 kwa kila kilo. Ana kilo 12, basi ni mililita 60, kwenye mshipa, taratibu. Pima tena baada ya nusu saa, unipigie." Nimewaona wenzetu waliotoka kusomea ukocha wakiuliza "wewe unaonaje?" mbele ya mtoto anayebadilika rangi. Aliyeshikwa na hofu hajifunzi kitu saa hiyo. Anahitaji sauti moja iliyotulia.

Simu ya pili ndiyo ya ukocha. Sukari imepanda, mtoto amefumbua macho. Sasa uliza: "Mpango wako kuanzia sasa hadi asubuhi ni upi?" Kisha nyamaza. Utatamani sana kuujaza ule ukimya, vumilia. Utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 1984 uliona kwamba madaktari waliwakatiza wagonjwa wakijieleza baada ya sekunde 18 kwa wastani. Mimi nadhani mtarajali tunamkatiza mapema zaidi, maana mgonjwa angalau tunamwonea haya.

Atasema artesuneti, sindano ya malaria kali. Muulize kiasi. Mara nyingi utasikia "miligramu 2.4 kwa kilo", kwa sababu ndiyo namba inayokaa kichwani. Hicho ni kipimo cha mgonjwa mwenye kilo 20 na kuendelea. Huyu wa kilo 12 anatakiwa kupata miligramu 3 kwa kila kilo, yaani 36. Usimtupie hiyo namba. Mwambie: "Hiyo 2.4 ni ya wagonjwa wa uzito gani? Itazame chati ya ukutani, nakusubiri." Ataisoma, atajirekebisha, na hatasahau. Muulize pia sindano ya pili ni saa ngapi na ya tatu saa ngapi (saa 12 na saa 24 baada ya ile ya kwanza), kisha umalizie na swali ninalolipenda kuliko yote: "Ni kitu gani ukikiona usiku huu utanipigia tena?" Hapo anajiwekea mipaka yeye mwenyewe, na wewe unalala kwa amani zaidi kuliko ungelala kwa kumwamrisha.

Kuuliza bila kutega

Kuna maswali ya raundi, tunapopita kitanda kwa kitanda, yanayofanana na ukocha lakini ni mitego. "Taja sababu saba za manjano kwa mtoto mchanga," mbele ya mama watatu wa wagonjwa, wauguzi na wanafunzi. Kipimo changu ni chepesi: kama jibu unalijua na unasubiri tu kuona atakwama wapi, huo ni mtihani. Mtihani una mahali pake, lakini si kando ya kitanda.

Uliza yale ambayo jibu lake hulijui, kwa kuwa limo kichwani mwake. "Kitu gani kwa mtoto huyu kinakusumbua?" "Ni matokeo gani yangekufanya ubadili mawazo?" "Ungekuwa wilayani, eksirei imeharibika, ungeanzia wapi?" Hilo la mwisho lina faida ya ziada, kwa sababu linamhamisha kutoka kwenye utegemezi wa vipimo kwenda kwenye macho, masikio na mikono yake. Atahesabu pumzi. Ataangalia kifua kinavyobonyea.

Jihadhari na "kwa nini". "Kwa nini umempa hii?" ikitoka kwa mkubwa, mtarajali anasikia karipio, anaanza kujitetea. "Nisaidie kuelewa ulivyofika kwenye dawa hii" inaleta habari ileile bila ngumi. Na "umeelewa?" iache kabisa. Sisi tumelelewa kutobishana na wakubwa. Kijana aliyekuamkia shikamoo asubuhi hatakujibu "hapana" saa tano mbele za watu. Atasema "ndiyo, dokta", hata kama ameelewa nusu. Badala yake mwambie: "Hebu mweleze sista wa zamu tutakavyofanya, nami nisikie." Kilichoeleweka na kisichoeleweka vyote vitajitokeza.

Kwa sababu hiyohiyo, kwenye ripoti ya asubuhi anza na mdogo kuliko wote. Bingwa akishasema "hii ni nimonia", hakuna atakayesema kingine mpaka saa nne ya chai. Muuguzi aliyekesha aseme, mtarajali aseme, daktari wa kawaida aseme, wewe umalizie.

Wapo wanaoniambia kwamba hayo yote yanashusha heshima ya bingwa. Huwa nawakumbusha utafiti uitwao FEAST, uliofanyika Kenya, Uganda na hapa kwetu Tanzania, matokeo yakatoka mwaka 2011. Kwa miaka mingi mtoto mwenye homa kali na dalili za mshtuko (damu kutozunguka vizuri mwilini) tulifundishwa kumpa maji mengi ya dripu kwa haraka. Utafiti huo ulihusisha watoto zaidi ya 3,000, wasiokuwa wale wa kuharisha. Waliopewa maji kwa kasi walikufa wengi zaidi: kama 10 na nusu kati ya kila 100 ndani ya saa 48, dhidi ya 7 na kidogo kwa wale ambao hawakumiminiwa. Mabingwa wakongwe walikuwa na mazoea. Aliyetoka chuoni ndiye aliyekuwa na habari mpya. Wodi ambayo mdogo hathubutu kufungua mdomo inachelewa kupata habari za namna hiyo, na gharama yake wanalipa watoto.

Ukiwa huna muda

Wagonjwa 40, raundi lazima iishe kabla ya kliniki. Kuna njia iliyoandikwa na walimu wa tiba ya familia Marekani mwaka 1992 inayoingia katika dakika chache. Mfanye aseme anachoamini mgonjwa anacho. Muulize ushahidi wake. Mpe kanuni moja tu, isiwe mhadhara. Mwambie alichofanya vizuri. Rekebisha alipokosea. Situmii hatua zote kwa kila mgonjwa, lakini ya kwanza siiruki kamwe: kabla sijafungua faili, aseme yeye kwanza.

Sifa ziwe na jina. "Umefanya vizuri" haimfundishi mtu. "Ulivyorudia kumpima sukari hata baada ya kuamka, bila kuambiwa, ndivyo ninavyotaka" inamwambia cha kurudia kesho. Makosa nayo yasemwe faragha, siku hiyohiyo, kwa kitendo na si kwa tabia. Simama naye kwenye kabati la dawa au mtembee kuelekea kantini. Ukimrekebisha mbele ya mama wa mgonjwa umeharibu mara mbili: yeye ameaibika, na mama atakataa kuguswa naye tena.

Uhuru una ngazi, na ngazi ziandikwe

Hapa ndipo nisipopatana na wanaosema "waache wajifunze wenyewe". Kumtelekeza mtu si kumpa uhuru. Na kumfanyia kila kitu ni kumfundisha mtoto kusonga ugali huku mwiko umeushika wewe.

Wiki ya kwanza nakaa na kila mtarajali tunaandika karatasi yenye mafungu matatu. Mambo anayoweza kufanya na kunieleza asubuhi: kuanza antibayotiki ya nimonia isiyo kali, kubadili dripu, kumruhusu mtoto aliyepona malaria. Mambo ya kuanza huku akinipigia: kuongeza damu, degedege lililorudi mara ya pili. Mambo ya kutogusa kabla sijafika, au mkubwa mwingine hajafika: kwa wengi mwanzoni ni kutoa maji ya uti wa mgongo kwa mtoto asiyejitambua. Kila mwezi tunaipitia na kuhamisha jambo moja au mawili. Yeye ndiye anayependekeza lipi lihame, na anieleze amelifanya mara ngapi, nani alimwona. Wengine wana haraka, wengine wanaogopa kuhama. Hao wa pili ndio wanaohitaji kusukumwa kidogo.

Nakala moja inakaa kwenye meza ya wauguzi. Usiku yule sista mwenye uzoefu ndiye anayeamua kama simu ipigwe au isipigwe, tukubali tusikubali. Ukimficha mipaka ya mtarajali, ama atamdharau ama atamwachia azame. Na nikisema kweli, kuna manesi wanaolea madaktari vizuri kuliko sisi: "Daktari, huyu mtoto nimempima mara mbili joto halishuki, tunafanyaje?" Jibu analo, lakini analiacha litoke kwa kijana.

Kuhusu mambo ya maisha nitasema kwa ufupi. Mtarajali akija anasema amechoka, posho imechelewa, anafikiria kuacha, usikimbilie kumpa mawaidha wala kumsimulia enzi zako. Makocha wa Uingereza, John Whitmore akiwa maarufu kati yao, wana maswali ya aina nne yanayotosha kikombe kimoja cha chai: unataka nini, hali ikoje sasa, njia zipi zipo, ipi utaanza nayo na lini. Hilo la "lini" usiliache. Ila kama hapati usingizi, hali chakula, au anazungumzia kujidhuru, ukocha umeisha hapo. Msindikize siku hiyohiyo kwa daktari wa afya ya akili.

Miezi ya mwisho

Robo ya mwisho ya mwaka, raundi iongozwe naye. Wewe kaa nyuma, faili lisiwe mkononi mwako, simu mfukoni. Mama atauliza swali akikutazama wewe. Mgeuzie mtarajali macho hadi mama naye ageuke. Atachagua mambo ambayo wewe usingechagua. Atataka mtoto alale usiku mmoja zaidi, au ataanza na dawa ya pili kwenye orodha yako badala ya ya kwanza. Jiulize swali moja: mtoto ataumia? Kama hapana, mwache, kesho mtaona pamoja.

Na ukifika zamu yako ya kuandika kwenye faili, usiandike upya mpango uleule kwa mwandiko wako. Andika "nakubaliana na mpango wa daktari", weka sahihi na saa, nenda kitanda kinachofuata.