Ukitaka amarilisi ichanue tena mwakani, yaache majani

Ukipita mitaa ya Arusha kabla mvua za vuli hazijashika, utaziona amarilisi nyekundu zimesimama kwenye mabua matupu, bila jani hata moja. Maua yakishanyauka, majani marefu kama mikanda hutoka na kulalalala kwenye njia. Hapo ndipo tunapokosea. Mwenye nyumba anaona bustani imechafuka, anachukua panga na kufyeka. Mwakani anauliza mbona hazikuchanua.

Tunguu, yaani kile kitunguu cha amarilisi kilicho ardhini, ni ghala. Lipasue moja kwa urefu uone: magamba manene yamepangana kama ya kitunguu maji, na katikati kuna kichipukizi cha ua ambacho kimeshakaa tayari kusubiri msimu wake. Chakula cha kukijenga kilipikwa na majani. Kwa kawaida amarilisi hufunga kichipukizi kimoja cha ua kila inapotoa majani 4 hivi, kwa hiyo anayefyeka majani leo anafyeka ua la mwakani. Kata bua la ua peke yake, sentimita 5 juu ya shingo ya tunguu, kabla halijafunga mbegu. Majani yaondoe yakishakuwa ya njano yenyewe, tena yawe yanang'oka kwa kuvutwa kidogo tu.

Wakati wa kupanda, usilifukie tunguu lote. Shingo na theluthi ya juu vibaki nje, na toka tunguu moja hadi jingine acha sentimita 30. Udongo ukiwa mfinyanzi, inua tuta la sentimita 15 hadi 20, uchanganye mchanga na samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huunguza mizizi. Yurea nayo usiizidishe, utavuna majani ya kupendeza na ua usilione.

Kinachoua matunguu mengi ni huruma ya mwenye bustani. Mwaka wangu wa kwanza niliyamwagilia yangu kiangazi chote, kwa kuona yamesinyaa. Nilipobonyeza tunguu moja kwa kidole gumba, kidole kilizama, na harufu iliyotoka sikuisahau. Masika yakiisha, punguza maji kidogokidogo, kisha yaache yapumzike bila maji wiki 8 hadi 10. Tunguu zima huwa gumu mkononi hata likiwa limekauka ngozi. Kwa walioko Dar es Salaam au Mombasa, ambako mvua haitabiriki na hewa ina unyevu, ni rahisi zaidi kupanda kwenye chungu chenye matundu chini, halafu ukisogeze upenuni muda wa kupumzika ukifika.

(Tulipu za kuletwa kutoka Uholanzi ni habari nyingine. Zinahitaji wiki 12 na zaidi za baridi inayokaribia ile ya ndani ya jokofu ndipo zichanue. Kwenye bustani ya pwani, hiyo ni hela imetupwa.)

Adui wa kumwangalia kwa karibu ni kiwavi mweusi mwenye madoa ya rangi ya maziwa au njano. Wakiwa wachanga hula ndani ya jani, na sehemu hiyo hubaki nyeupe, nyepesi kama karatasi ya sigara. Ukiliona jani la namna hiyo likate siku hiyohiyo, maana wakikua hushuka shingoni hadi ndani ya tunguu. Wengine waokote kwa mkono. Madoa mekundu kwenye majani na mabua ni ukuvu: kata palipoathirika, uchome, na mwagilia chini kwenye shina badala ya juu ya majani. Majani yakiwa na michirizi ya njano na kijani isiyoisha, hiyo ni virusi, haina dawa. Ng'oa.

Baada ya miaka 3 au 4 matunguu hubanana na maua hupungua. Yachimbue mwishoni mwa mapumziko, utenganishe vitoto vilivyoota ubavuni, kila kimoja kikiwa na kitako na mizizi yake. Palipochanika papake majivu, uviache kivulini siku 2 kabla ya kupanda.

Na ukishayachimbua, usiyaweke jikoni wala kwenye kapu la sokoni. Yana sumu, na kwa macho hayana tofauti kubwa na kitunguu. Yatundike stoo kwenye wavu, mahali ambapo watoto na mbwa hawafiki.